Malaika Aliyeazimwa

Mguu wa Mama Mabawa haukutulia hata wakati wa kula. Ukiinama chini ya meza ya kukatia nguo ungeuona: kiatu kimevuliwa, kisigino kinapanda na kushuka, kana kwamba kanyagio la cherehani limemfuata. Wifi yake, aliyekuwa amekaa naye mchana huo na sahani mapajani, aliutazama mguu ule kwa muda, halafu akauliza:

"Wifi, huko chini unashona nini?"

"Sishoni kitu."

"Basi funga kiwanda, tule."

Mama Mabawa akaukanyaga mguu ule kwa mguu mwingine. Ukatulia. Lakini kidole kikaanza kugonga ukingo wa sahani, na macho yakarudi kwenye simu iliyolala mezani kati ya mkasi na kipande cha chaki. Simu ilikuwa kimya tangu jana.

Alikuwa fundi wa nguo, mjane, na chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba na kirefu kama mfuko wa ndani wa koti. Mlangoni, juu ya turubai, wifi yake, dada wa marehemu mume wake, aliuza viatu vya mitumba. Watu wa mtaa walimwita wifi huyo Kengele, kwa sababu alipotaja bei ya kiatu hata waliokuwa ng'ambo ya barabara walijua kama kinawafaa. Fundi mwenyewe alipata jina lake kwa mabawa. Kila mwaka, sikukuu ya Malaika Walinzi ilipokaribia, watoto waliotangulia maandamano ya kuingia kanisani walivaa mabawa aliyoshona yeye: waya mwembamba uliokunjwa kwa koleo, juu yake kitambaa cha chandarua kilichotiwa wanga na kupigwa pasi, na mpira wa kupitisha begani. Hakuna aliyemwagiza kazi hiyo. Aliianza mwaka mmoja, na mwaka uliofuata watu wakaja na watoto wao wapimwe.

Hapo kanisani palikuwa na kikundi kidogo cha wanaosali kwa kuwaheshimu malaika. Walikutana siku za kazi jioni, jua likiwa bado madirishani, kwenye mabenchi ya pembeni. Walikuwa na desturi yao moja: kila aliyekaa aliacha nafasi upande wake wa kulia, ya malaika wake. Mgeni aliyeingia ghafla alidhani ni watu waliogombana. Mama Mabawa aliipenda desturi hiyo hata akaipeleka kazini. Chumbani mwake mlikuwa na vigoda viwili, kimoja chake, na cha pili hakikukaliwa na mtu. Mteja aliyetaka kupumzisha miguu alipewa ndoo iliyopinduliwa. Wapo waliochukia, wakasema fundi ana dharau, kigoda kizuri kipo na watu wanakalishwa juu ya plastiki. Yeye aliwajibu kwamba kigoda kina mwenyewe.

Mwanawe wa pekee alilelewa hivyohivyo. Alipokuwa mdogo, mama alimwambia kwamba malaika wake hulala kando yake, na mtoto akawa anajibanza ukingoni mwa kitanda ili mwenzake asikose nafasi. Usiku aliporomoka kama gunia. Baba yake, enzi za uhai wake, aliwahi kumwokota sakafuni akasema kwamba huyu malaika naye angejifunza kukunja miguu.

Mtoto yule sasa alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na leseni ya kuendesha malori makubwa ya mizigo. Na hapo ndipo hangaiko la mama yake lilipoanzia.

Mwanzoni lilikuwa hangaiko la kawaida, la mama yeyote mwenye mtoto barabarani. Alipiga simu. Alipiga mwana alipotoka, akapiga alipokisia kwamba amefika mji wa kwanza, akapiga kuuliza kama amekula, akapiga tena kuuliza ni kwa nini mara ya mwisho alijibu kwa mkato. Mwana alikuwa mpole, akajibu kila mara. Mpaka siku moja alirudi safari, akaja moja kwa moja dukani na nguo zenye harufu ya dizeli, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mteja.

"Mama, nikikwambia kitu hutakasirika?"

"Inategemea."

"Juzi ulinipigia nikiwa nashuka mlima."

"Nilitaka tu kujua..."

"Najua ulitaka kujua nini. Nikanyoosha mkono kuchukua simu. Gurudumu la mbele likatoka kwenye lami. Trela likaanza kuyumba, Mama. Nilirudi barabarani, sijui nilirudije." Akatazama viganja vyake. "Sikulaumu. Ila ukiendelea kunipigia nikiwa njiani, siku moja utakuja kunizika kwa mkono wako mwenyewe."

Mama Mabawa hakulia. Mwanawe alipoondoka alichukua kitambaa cha gauni la mteja akakikata, na alikikata vizuri, bila kupotosha hata kidogo, jambo lililomshangaza baadaye alipolikumbuka. Jioni ile alikwenda kanisani. Alikuwa na namna yake ya kusali, ya kusema na malaika wake kama mtu anayemtuma jirani sokoni, na ndivyo alivyosema. Mimi nipo hapa tu, nakanyaga cherehani. Yeye ana mlima. Mimi siwezi kumpigia tena, basi nenda wewe. Kaa naye huko mpaka nitakapokuita.

Alipotoka kanisani alihisi upande wake wa kulia uko wazi, kama mkono wa mtu aliyevua saa aliyoizoea.

Juma lililofuata alikaa mwisho wa benchi, bega la kulia likigusa ukuta. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Aliona tu kwamba kuacha nafasi wakati mwenyewe hayupo ni uongo, tena uongo wa mbele ya altare. Na walipofika kwenye sala ya kikundi, ile waliyoizoea wote, inayoanza na maneno "Malaika wa Bwana niliyepewa mimi, kaa kando yangu niingiapo na nitokapo," alichezesha midomo bila sauti. Atawezaje kumwambia kaa kando yangu mtu aliyemwambia nenda?

Toka hapo hakupata utulivu. Alifunga duka, akafika nusu ya njia, akarudi kuangalia kama ametoa waya wa pasi ukutani. Ulikuwa umetolewa. Akaondoka, akarudi kuangalia kufuli. Aliunganisha mkono wa shati ndani nje. Aliunguza kola. Kigoda cha pili kikaanza kujaa vitambaa, kwanza kipande kimoja, kisha furushi, kisha mlima wa vitu ambao hakuna aliyethubutu kuugusa. Hakumwita malaika wake arudi, kwa sababu kila alipotaka kumwita, mwanawe alikuwa ndiyo kwanza anaondoka na shehena nyingine.

Alijaribu kumuuliza Padri. Alimkuta nje ya sakristia amechuchumaa, mikono imejaa grisi, anahangaika na mnyororo wa pikipiki.

"Padri, nina swali la kijinga."

"Hayo ndiyo ninayoyamudu. Nipe hiyo spana."

Akampa. "Mtu anaweza kumwazima mwenzake malaika wake?"

"Malaika si mwavuli, Mama."

"Mwavuli ungekuwa afadhali. Mwavuli ukiuazima unajua uko kwa nani, na mvua ikinyesha unajua kwa nini unalowa."

Padri akacheka, kisha akaacha kucheka. "Umemwazima nani?"

"Mwanangu."

"Kwani wa kwake ana kasoro gani?"

Mama Mabawa alifikiri. Hakuwa amewahi kujiuliza. "Hana kasoro," alisema mwishowe. "Ila simjui."

Padri aliinua kichwa, akamtazama kama mtu aliyesikia kitu ambacho angependa kukifikiria akiwa peke yake. Kisha akasema yale ambayo padri lazima aseme: kwamba malaika ni mtumishi wa Mungu, hatumwi na sisi, kwamba tunaweza kumwomba amwombee mwingine, na bila shaka atafanya hivyo, kwamba hawezi kumwacha aliyekabidhiwa kwa sababu tu mtu huyo amemfukuza kwa upole.

"Sikumfukuza."

"Ulimfungulia mlango. Mama yangu naye alinifanyia hivyo nilipoingia seminari. Sema yeye hakumtuma malaika, alimtuma kaka yangu. Kila Jumamosi namkuta getini." Akaufuta mkono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mkono. "Jumapili ya sikukuu ni zamu yako kuongoza sala. Hujasahau?"

"Sijasahau."

"Basi usije ukaniongozea kwa midomo mitupu. Kutoka altareni naona kila kitu, Mama. Hata wanaosinzia."

Alitembea kurudi dukani akiwa na hasira ndogo asiyojua aielekeze kwa nani. Majibu ya Padri yalikuwa sahihi, lakini usahihi wake ulikuwa kama vipimo sahihi vya mtu mwingine: havina kosa, na nguo haikukai.

Sasa sikukuu ilikuwa kesho kutwa, na mwana alitakiwa awe amefika na kupiga simu tangu jana. Huo ndio ulikuwa mpango wao mpya. Mama hapigi. Mwana akishaegesha lori mwisho wa safari, yeye ndiye anayepiga. Hajawahi kukosea hata safari moja.

Baada ya kula, wifi yake alibaki ndani akimsaidia kupanga mabawa yaliyokwisha. Akayainua mawili, akayageuza, akayaweka mgongoni pake mwenyewe, akageuka kujitazama kwenye kioo cha wateja.

"Wifi."

"Nini?"

"Hebu njoo uone. Haya yote ni ya kushoto."

Mama Mabawa akaja. Ni kweli. Mabawa yote mawili yalipinda upande mmoja, mazuri, yamenyooka pindo, na hakuna lililokuwa la kulia.

"Mtoto akivaa haya akiruka atazunguka palepale, kama kuku aliyefungwa mguu," alisema wifi, na alicheka kwa ile sauti yake mpaka mtu aliyekuwa akipima kiatu nje akachungulia. Alipoona Mama Mabawa hacheki akayashusha. "Mpigie."

"Niliahidi."

"Basi nipe simu nimpigie mimi. Mimi sikuahidi."

Mama Mabawa aliichukua simu. Alibonyeza namba za mwanawe, zote, kwa kidole kilichozijua kama kinavyojua njia ya tundu la sindano. Kidole kikasimama juu ya kile kitufe cha kijani.

"Akiwa mlimani je?"

"Akipigiwa na mimi hatajua ni wewe."

"Simu ni ileile, wifi. Na mlima ni uleule." Akaifuta namba, akaiweka simu kifudifudi, akachukua koleo na kuanza kuufumua waya wa bawa moja. Wifi akalichukua bawa la pili, akamshikia.

"Kaka yangu angekuwepo," alisema, "angekwambia hukuzaa yai."

"Kaka yako alikuwa akiamka kumfunika huyo mtoto zaidi yangu."

"Alikuwa anaamka, ndiyo. Lakini alikuwa anarudi kulala."

Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, alikwenda mwenyewe kwenye yadi ya malori. Mlinzi wa geti, mzee wa kofia ya sufu, alikuwa akimwagilia maua yaliyopandwa kwenye matairi makuukuu. Alimfahamu.

"Gari la mwanao bado, Mama."

"Limekwama?"

"Sijasikia."

"Ofisini wamesikia?"

"Ofisini wanasikia kutoka kwangu." Akahamisha maji kwenye tairi la pili. "Lingepata la kupata tungejua. Neno la heri linaweza kukaa njiani, linakunywa chai, linaulizia wenyeji. La shari huja likikimbia."

Ilikuwa namna ya kumfariji, naye akamshukuru. Lakini njia nzima ya kurudi hakutazama magari. Alitazama ukingo wa lami, pale inapoishia na vumbi kuanzia, upana wa kiganja, na akawaza kwamba mwanawe hushinda humo, kwenye upana huo, mchana kutwa, na kwamba tangu alipomtuma malaika wake hajawahi kuuliza kama huko alikompeleka kuna mahali pa kukaa. Aliwahi kumweleza mwana jambo hilo kwa simu, baada ya safari moja njema. Mwana alicheka. "Mama, umtume akae wapi? Msaidizi wangu ni mnene, kajaza kiti chote." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Mimi ninaye wangu, Mama. Ulinifundisha mwenyewe." Wakati ule alilisikia kama neno la adabu tu.

Jumapili kulikucha na upepo. Watoto walikusanyika nje ya mlango mkubwa, wenye mabawa yao, na upepo ukawasumbua. Mmoja alisukumwa hatua nzima mbele akatazama nyuma kuona nani kamsukuma. Mama Mabawa alipita katikati yao akikaza mipira na kunyoosha waya, pini zikiwa midomoni, na kwa muda ule mfupi mikono yake ilikuwa na kazi, hivyo moyo ukapumzika. Kisha ngoma ikapigwa, watoto wakaingia, na yeye akabaki na mikono mitupu.

Benchi la kwanza lilikuwa la kiongozi wa sala. Wifi yake, ambaye hakuwa mwanakikundi ila hakukosa sikukuu yenye nyimbo nyingi, alikaa naye. Mama Mabawa alikwenda moja kwa moja mwisho wa benchi, akabana ukutani. Mkoba wake aliuweka juu ya mbao, katikati yao, simu ikiwa ndani. Alikuwa ameizima sauti. Hakuizima yote.

"Umejibana kama buibui," alinong'ona wifi, na mnong'ono wake ulifika benchi la nne.

Baada ya mahubiri Padri alimtazama, akamwashiria kwa kichwa. Ilikuwa zamu yake. Mama Mabawa akasimama palepale, akageuza shingo kuwatazama watu. Kikundi chake kilikuwa pembeni, kila mmoja na pengo lake kuliani. Siku hiyo waumini wengine nao walialikwa kuacha nafasi, na kwa kuwa kanisa lilijaa, watu wengi walikuwa wamesimama kando ya kuta huku benchi zikiwa na mianya mizima. Hakuna aliyelalamika. Ilikuwa sura ya ajabu, kanisa lililojaa na lenye nafasi kwa wakati mmoja.

Akafumbua kinywa. Kabla neno halijatoka, simu ikaanza kutetemeka.

Mbao za benchi zilikuwa kavu na nyembamba. Zilivuma kama nyuki ameingia ndani yake. Watu wa mbele wote walisikia. Wifi aliutazama mkoba, kisha akamtazama yeye, macho yametoka. Mkono wa Mama Mabawa ukaondoka wenyewe. Ulikuwa umekwisha kunyooka kuelekea mkobani, vidole vimefunguka, mwili umeinama upande, alipouona.

Akauona mkono wake umenyooka vile, na akaujua. Ndivyo ulivyonyooka mkono wa mwanawe siku ile mlimani, kumwelekea yeye.

Ukarudi. Aliurudisha taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, akaushika kwa ule mwingine. Simu ilivuma, ikavuma, ikanyamaza. Kanisa lilikuwa kimya, likidhani kiongozi amesahau maneno. Moyoni mwake alisema haraka, bila mpangilio, kama kawaida yake. Rudi. Ametunzwa miaka yote na wa kwake, nami nikawa sijui. Rudi. Na wewe nisiyekujua, unayekaa naye huko barabarani, nisamehe kwa kukuingilia kazi. Mshike tu.

Hakuna kilichotokea. Upande wake wa kulia haukupata joto, wala taa hazikucheza. Hofu ilikuwa palepale chini ya kifua, nzito vilevile. Alikuwa amemwondolea mwanawe ulinzi ambao huenda haukuwahi kwenda, na hakuwa na habari zake zozote.

Akasogea. Alitoka ukutani, akamsukuma wifi yake kwa paja.

"Unanipeleka wapi?"

"Sogea. Kuna mtu."

Wifi akasogea, akiburuta mkoba. Mama Mabawa akaacha pengo kati ya bega lake na ukuta, pengo la mtu wa wastani, kisha akasema kwa sauti iliyomkwaruza koo kwa kutotumika:

"Malaika wa Bwana niliyepewa mimi."

"Kaa kando yangu niingiapo na nitokapo," waliitikia.

"Nionyeshe njia nisiyoiona."

"Na nisipoiona, nishike mkono."

"Na siku yangu ya mwisho."

"Usiniache nifike peke yangu."

Walisema mara tatu, kama desturi, na mara zote tatu alilisema neno "mimi" bila kulimeza. Padri alikuwa ameinamisha kichwa. Huenda alikuwa anasali, huenda alikuwa anasinzia. Watu wa benchi la kwanza nao huona ya altareni.

Nje, baada ya baraka, watoto walikimbizana na mabawa yamepinda. Wifi ndiye aliyemtoa mkobani mdudu yule, simu. "Tazama basi," alisema. "Mimi nimeshindwa hata kuimba."

Mama Mabawa akatazama. Namba aliijua. Alipiga, na sauti ya mwanamume ikapokea papo hapo.

"Fundi, naulizia ile suruali yangu ya kijivu. Imekwisha?"

Hakuwa hata ameikata. "Njoo kesho."

"Hiyo kesho ni ya kalenda, au ni ile ya mafundi?"

Alicheka. Kilikuwa kicheko kisichostahili siku ile, na kilimtoka kwa nguvu mpaka akashika ukuta wa kanisa. Wifi yake, aliyeogopa kwanza, alipoelewa naye akacheka, na Kengele akicheka hakuna anayeweza kuacha.

Alasiri walifungua nusu ya mlango wa duka ili kupokea mabawa yaliyorudishwa. Mama Mabawa hakuanza na mabawa. Alikiendea kigoda cha pili, akaondoa furushi, kisha vipande, kisha shati lenye mkono wa ndani nje, akakifuta vumbi kwa kiganja. Alikuwa bado ameinama pale simu ilipolia, kwa namba asiyoijua. Alisimama. Alifuta vumbi la kiganja kwenye gauni, akapokea.

"Mama."

Akakaa chini sakafuni, kati ya vitambaa.

"Mama, unanisikia? Natumia simu ya dereva mwenzangu. Yangu ilitumbukia ndooni nikiongeza maji kwenye rejeta. Halafu daraja limekatika huku, tumelala foleni. Ndiyo tumeruhusiwa leo."

"Mzima?"

"Mzima. Mchafu tu." Palikuwa na kelele za injini nyuma yake. "Ulipiga sana? Najua ulipiga."

"Sikupiga."

"Hata mara moja?"

"Nilibonyeza namba. Sikupiga."

Huko kwa mwana mtu alipiga honi, na mwingine akamjibu kwa maneno yasiyofaa siku ya Jumapili.

"Mama," alisema mwana, "usiache kabisa basi. Tufanye hivi. Nikiwa nimesimama nitakubipu, wewe upige. Sawa?"

"Sawa, baba."

"Na yule wako, bado yuko huku?"

"Nimemwita."

"Ndiyo maana leo mkono wa gia una nafasi." Alisema akicheka, kisha kicheko kikaisha vizuri, kama mshono unaofungwa. "Mwache akae na wewe. Wewe ndiye unayebaki peke yako."

Simu ilipokatika, Mama Mabawa aliendelea kukaa sakafuni. Neno lile la mwisho hakulitarajia, na hakujua aliweke wapi. Wifi yake aliingia akiwa amebeba mabawa kifuani, akayatupa mezani, akaona kigoda kitupu na kuanza kujishusha juu yake kwa pumzi ndefu.

"Kaa kwenye ndoo," alisema Mama Mabawa.

"Mimi, wifi yako?"

"Kina mwenyewe."

Wifi alikitazama kigoda, akamtazama yeye, akaenda kukaa juu ya ndoo akilalamika kwamba katika ukoo huu hata wasioonekana wanakaa vizuri kuliko yeye. Mama Mabawa akainuka, akachukua kitambaa cha suruali ya kijivu, akakitandaza, akatafuta chaki. Kabla hajaanza kupima, chini ya meza mguu wake ulikuwa umekwisha anza kupanda na kushuka.

"Kiwanda kimefunguliwa," alisema wifi.

"Kiache," alisema Mama Mabawa, na akachora mstari wa kwanza.